Ng'ombe Saba wa Dizeli

Sehemu ya tisa

Kidole cha Kerubo kilikuwa bado juu ya karatasi.

Hapo ndipo tulipomwacha Murhula, mzee wetu Mkongomani, wiki jana, wajukuu zangu. Kasimama kwenye maegesho ya jengo lao kule ughaibuni, Bloomington, theluji inamfika vifundoni, funguo za gari mkono huu, kalamu mkono ule. Na huyu mama wa Kikenya, msusi wa nywele, kamwekea kidole kwenye neno moja la hati ya gari analouziwa na hakiondoi.

"Mzee, na hii 'Prior Salvage' imeandikwa hapa juu ni nini?"

Kabla hajajibu, nami nina changu. Kitendawili!

Tega.

Nimemtoa kwa mlango wa nyuma, karudi kwa mlango wa mbele, na mimi ndiye natakiwa nimpigie vigelegele.

Fikirini taratibu. Mkishindwa mtanipa mji. Ila msinipe Savage, maana huo Murhula anautumia sasa hivi.

"Ile?" alisema Murhula, akapangusa pua. "Ile ni mji."

"Mji?"

"Ndiyo, mama. Miji mbili. Prior Lake na Savage. Iko jirani, mmoja huku, mwingine huku. Gari ilikuwa inakaa kule kwanza, mbele ije kwangu. Njo maana waliandika."

Kerubo akalisoma tena lile neno, midomo ikimcheza. Baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Simu yake inalia mara ya tatu: mteja kaachwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Aaa, Savage! Si ni kule kwa mto. Cousin yangu anaishi huko. Lakini hawa watu wa serikali hawajui ku-spell."

Akasaini.

Sasa niwaambie ukweli, maana nyinyi hamuuzi wala hamnunui. Prior Lake ni mji kweli, na Savage ni mji kweli, na imekaa ubavu kwa ubavu kama magunia. Lakini lile neno la kwenye hati lina herufi moja zaidi, na herufi hiyo imebeba maiti. Maana yake ni kwamba gari liliwahi kupata ajali mbaya, watu wa bima wakalitazama, wakasema hili limekufa, liondoeni. Kisha mtu akaliokota, akalijenga upya, akalirudisha barabarani. Na mwenye kuliuza anatakiwa amwambie mnunuzi, waziwazi.

Murhula mwenyewe alipolinunua hakujua. Aliona neno, akaona anwani ya muuzaji ni Savage, akasema basi ni huko. Miezi minne alitembea na imani hiyo, mpaka dada wa bima alipomweleza kwa simu, na binti yake Rachelle akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo mwanzo lilikuwa kosa. Leo, mbele ya Kerubo, kosa lilelile limekuwa uongo. Maneno ni yaleyale, hata koma haikuongezwa.

"Na kwanza hii gari si yangu," alisema Kerubo akipanda. "Kuna mzee wa Eden Prairie amenituma. Yeye ako busy na kazi. Anataka kupea watu fulani zawadi."

"Watu gani?"

"Sijui, bana. Watu wake."

Akawasha. Injini ikatetemeka kama mashine ya kusaga mahindi, moshi ukapanda mpaka ghorofa ya tatu. Alipokata kona ya kulia, honi ikalia yenyewe. Alipokata ya kushoto, redio ikafunguka yenyewe, ikapiga kodiani ya wazee wa Kizungu.

Murhula akapanda ngazi mwepesi kama karatasi.

"Nimeuza," alimwambia mkewe.

"Uliwaambia kama ilikufa?" aliuliza Vestine. Huyu Vestine ndiye aliyelibatiza gari lile jina la Lazaro, kwa kuwa lilikufa likatoka kaburini.

"Niliwaambia ilikuwa Savage."

"Mhm," alisema Vestine. Wanawake wa Bukavu wakisema mhm, mwanamume mwenye akili huketi chini. Murhula hakuketi.

Ikaja Jumamosi, siku ya mahari.

Kwa wewe unayeanza nasi leo: Rachelle, muuguzi, anaolewa na Eliezer, kijana wa Kitanzania mwenye tabasamu la kupigiwa picha. Baba mdogo wa Eliezer ni Bwana Chacha, mhandisi, mtu mzito, Mkurya asiyerudia neno. Wakurya ni watu wa ng'ombe. Bashi wa Bukavu, watu wa Murhula, nao ni watu wa ng'ombe. Walikubaliana ng'ombe saba kabla chai haijapoa.

Lakini jengo la Bloomington haliruhusu hata paka.

Basi Chacha akapiga hesabu za kihandisi. "Mkwe," alisema kwa simu wiki ile iliyopita, "nitaleta gari la viti saba. Kila kiti ng'ombe mmoja. Likiwa na kiti, umepata ng'ombe. Au nakosea?"

"Hapana, mkwe! Hiyo ni akili!" alijibu Murhula. Hakuuliza gari gani. Ukipewa ng'ombe kwa simu, unauliza rangi?

Saa nane mchana. Nyumba inanukia sombe, yaani kisamvu, na samaki. Vestine kavaa kitenge kipya. Rachelle yuko chumbani anatengenezwa nyusi. Murhula kasimama dirishani na kofia yake kichwani, anangoja gari la wakwe litokeze.

Piiiiiiii!

Honi, kwenye kona ya kulia.

Kisha kwenye kona ya kushoto: kodiani.

Vestine akaacha mwiko ndani ya sombe. Akaja dirishani. Wakasimama bega kwa bega, wanatazama chini. Kofia ya Murhula ilionekana kama imepanda juu kidogo.

"Baba Rachelle. Ule si Lazaro?"

"Nyamaza, mama."

"Ni Lazaro! Ulimzika kwa watu, anakuja na utepe mwekundu kwa shingo!"

Kweli, mbele ya gari palifungwa utepe mwekundu mpana kama shuka. Na ndani, nyuma ya usukani, Chacha anatabasamu.

"Mama Rachelle, sikia. Hatujawahi kuiona hii gari. Unasikia? Ni mara ya kwanza. Tunashangaa."

"Na kiti?" alisema Vestine.

"Kiti gani?"

Vestine alinyoosha tu kidevu kuelekea sebuleni.

Wajukuu zangu, hapa nishikeni mkono. Miezi miwili nyuma, Murhula aling'oa kiti kimoja cha nyuma kabisa ili apakie magunia ya unga wa muhogo. Kurudi kukifunga, bolti zikakataa. Vestine naye si mtu wa kutupa kitu. Alikivalisha foronya, akakitandika vitambaa vya kufuma, waridi juu, waridi kwenye mikono, akakiweka sebuleni chini ya picha ya harusi yao. Kikawa ndicho kiti kizuri kuliko vyote nyumbani. Kiti cha mgeni.

"Kitoe!" alinong'ona Murhula.

"Nikitoe wapi? Kwa dirisha?"

Hodi hodi! Chacha yuko mlangoni, Eliezer nyuma yake. Salamu, kukumbatiana, habari za nyumbani, habari za theluji. Chacha akazungusha macho sebuleni. Kochi lile, hapana. Viti vile vya plastiki, hapana. Macho yakatua kwenye waridi.

"Nadhani hapa ndipo pangu," alisema, akaketi. Magoti yakamfika kifuani, kwa kuwa kiti kilikuwa kifupi. "Aisee. Kinakushika mgongo vizuri. Mmekinunua wapi?"

"Savage," alisema Vestine.

Murhula akakohoa mpaka akapewa maji.

Wakashuka kukagua. Ng'ombe hapokelewi kabla hajakaguliwa, hilo mnalijua. Chacha akafungua boneti. "Meno hayo." Akapiga teke tairi. "Kwato." Akapitisha kiganja ubavuni. "Ngozi haina kovu."

Na kovu lilikuwa hapo hapo, chini ya kiganja chake! Maana Lazaro alikuwa magari mawili: mbele limetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, nyuma limetoka kwenye gari lililogongwa mbele, na katikati fundi kaunganisha kwa kuchomelea. Ukilitazama jua likiwa upande, weusi wa mbele na weusi wa nyuma si ndugu.

"Na adabu linayo," aliendelea Chacha. "Umesikia? Linapiga hodi lenyewe kabla ya kuingia kwa watu."

"Nimesikia, mkwe. Nimeshangaa sana," alisema Murhula. "Sijawahi kuona kitu kama hii."

"Sasa tuhesabu ng'ombe."

Akavuta mlango wa nyuma. Haufunguki. Akavuta kwa mikono miwili. Haufunguki.

Hapo Eliezer, aliyekuwa kimya tangu afike, kimya ambacho si cha bwana harusi, akasogea. Akapiga ngumi mbili chini ya taa ya kushoto, akalisukuma bampa kwa goti. Mlango ukafunguka kama kopo.

Murhula akamkodolea macho. Yeye siri ya ngumi mbili na goti moja ilimgharimu baridi nzima kuijua.

"Kijana, umejua vipi?"

"Nimebahatisha, baba," alisema Eliezer, na sikio lake moja likawa jekundu.

Liwekeni hilo mfukoni, wajukuu zangu. Twende.

"Mbele wawili," alihesabu Chacha. "Katikati watatu, watano. Nyuma..."

Akaingiza kichwa mpaka nyuma kabisa.

"Nyuma mmoja."

Akahesabu tena, akianzia nyuma. Ng'ombe hawakuongezeka. Sita.

Chacha akawa rangi ya majivu. "Mimi? Mimi Chacha nimefika kwa mkwe na ng'ombe pungufu?" Akatoa simu, akaweka sauti kubwa ili kila mtu awe shahidi. "Kerubo! Kiti cha saba kiko wapi?"

"Mzee, mi nilichukua vile niliipata! Ulisema gari ya viti saba, ya dizeli. Mimi sikuhesabu, kulikuwa na baridi ya kuua mtu."

"Nani alikuuzia?"

"Kuna mzee mmoja Mkongomani, hapo hapo Bloomington. Mpole sana. Anaongea pole pole kama pastor. Alikuwa amevaa hiyo kofia ya manyoya, ya green, iko na masikio."

Murhula alikuwa amevaa kofia ya manyoya, ya kijani, yenye masikio.

Akaivua polepole. Akaikunja, akaitia mfukoni. Kipara kikaanza kufuka moshi kama sufuria ya uji.

"Mkwe," alisema Chacha, "husikii baridi?"

"Ni heshima," alisema Murhula, meno yakigongana. "Kwetu mtu anavua kofia mbele ya ng'ombe."

Chacha akaguswa. Macho yakamlowa kabisa. Naye akavua yake. Eliezer akavua yake. Wanaume watatu wakasimama vichwa wazi kwenye theluji, mikono mbele, mbele ya gari la dizeli lenye utepe. Mzungu wa jengo la jirani aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akapita taratibu, naye akavua kofia. Alidhani ni msiba. Hakukosea sana.

Wakarudi juu. Chacha akarudi kwenye waridi zake, kichwa chini.

"Ng'ombe mmoja nadaiwa," alisema. "Nitamleta, hilo naahidi kwa jina langu. Lakini hawa sita wapokelewe leo, na ukoo wao usomwe."

Akatoa bahasha, imefungwa kwa gundi ya saluni. Ndani ni hati. Na kwenye hati, penye nafasi ya muuzaji, kuna jina la Murhula na saini ya Murhula.

"Miwani nimeiacha Eden Prairie. Wapi bibi harusi? Rachelle, mwanangu, njoo utusomee."

Rachelle akatoka, mzuri kama sikukuu, nyusi moja imeisha, nyingine bado. Huyu binti anasikia Kiswahili chote, cha Bukavu na cha Tanzania, lakini ukimsemesha hujibu kwa Kiingereza. Tangu darasa la pili ni hivyo. Akaichana bahasha, akasoma aina ya gari, mwaka, rangi. Chacha akasikiliza akichezea vitu fulani alivyovigusa chini ya kitambaa, kimoja mkono wa kulia, kimoja mkono wa kushoto.

Klik.

Hakuna aliyejali.

Rachelle akaacha kusoma. Alikuwa amefika kwenye saini. Ile M yenye mkia kama wa nge, iliyotia saini kila karatasi yake ya shule tangu walipofika nchi hii. Akainua macho, akamtazama baba yake. Murhula akatazama zulia.

"Kuna neno limeandikwa kwa herufi kubwa, hata bila miwani naliona," alisema Chacha. "Linasemaje?"

Rachelle akaikunja hati katikati.

"Ni mji," alisema Rachelle. Kwa Kiswahili. "Prior Lake na Savage. Iko jirani."

"Na muuzaji ni nani?"

"Jina haisomeki, baba."

Vestine akafunika sufuria kwa kishindo.

Murhula alitakiwa ashushe pumzi, wajukuu zangu. Ameokoka! Lakini macho yake yalibaki kwenye zulia. Mwanawe huyu, aliyeyacheka maneno yale mpaka akakaa chini, leo kayasema kwa uso mkavu mbele ya wakwe zake. Ameokota uongo wa baba yake akauvaa, siku anayovishwa kitenge cha ndoa.

Na Chacha hakuwa amemaliza.

"Nimeulizia mila zenu," alisema. "Nimeambiwa kwa Bashi baba hali ng'ombe wote. Kuna anayemrudishia binti aende naye kwake. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Murhula.

"Sasa huyu hakatiki vipande. Nashauri, Rachelle aondoke naye mzima. Kazi yake si iko Saint Paul? Zamu ya alfajiri, barabara kubwa, barafu. Gari zito kama hili litamlinda."

Murhula akauona ule mshono. Aliuona siku fundi alipoliinua gari, akamwonyesha kwa tochi: hapa, mzee, ndipo mtu wa mbele anaposhikana na mtu wa nyuma, usiende mwendo mkali. Alipoliuza hakuwaza nani ataketi ndani. Mtu. Watu fulani. Wiki jana mtu huyo hakuwa na uso.

"Okay," alisema Rachelle, macho kwa baba yake. "Nitaiendesha, Papa."

Mlikuwa mnasema jibu la kitendawili ni gari? Hapana. Jibu ni uongo. Umeutoa nyuma, umerudi mbele na utepe mwekundu, na unatakiwa uupigie vigelegele.

Murhula akasimama. "Mkwe. Savage si mji."

"Ni mji," alisema Chacha. "Nimepita pale juzi."

"Ndiyo, ni mji. Lakini si hapa."

"Najua si hapa, hapa ni Bloomington."

"Hapana, hapa kwa karatasi! Kwa karatasi si mji!"

"Mkwe, umekaa sana bila kofia."

"Gari ilikufa!" alipiga kelele Murhula. "Iligongwa, ikakufa, bima wakaitupa! Hilo neno njo maana yake! Iko gari mbili, wameunganisha kati kwa moto! Mimi njo niliuza kwa yule mama wa nywele! Mimi njo yule mzee mpole!" Akachomoa kofia mfukoni, akaivaa, masikio yakaning'inia. "Rachelle hana kosa. Ameficha aibu yangu. Uchukue gari yako, nitakurudishia kila kitu, lakini binti yangu hatapanda mule!"

Chacha hakupepesa. "Na kiti cha saba?"

Murhula akalamba midomo.

"Ng'ombe wa saba," alisema, "umemkalia, mkwe."

Chacha akainua kitambaa cha waridi la kulia. Akainua cha kushoto. Akatazama tumboni mwake: mkanda mweusi wa gari, umefungwa vizuri, umebana. Ile klik!

"Eliezer," alisema kwa sauti ya chini. "Tunaondoka. Hakuna ndoa hapa."

"Uncle Chacha, please," alisema Rachelle, kisha akajirudi, "Baba, tafadhali."

"Mtu anayemuuzia mkwewe mzoga, hata bila kujua ni mkwewe, huyo hatuoani naye."

Akasimama. Kiti kikasimama naye. Akabonyeza kifungo cha mkanda, kikagoma. Akavuta, mkanda ukazidi kubana. Basi mhandisi mzima akainama, kiti mgongoni kama kobe, akatembea kwa hasira yote mpaka mlangoni, waridi zikimpepea.

Nusu ya mbele ya mwili ikapita. Kiti hakikupita.

Akajaribu kwa ubavu. Kikanasa zaidi, sasa hatoki wala harudi. Kichwa na miguu viko kwenye korido, kiti kiko sebuleni, katikati ni mlango.

"Leteni kisu!" ilisikika sauti kutoka nje.

Vestine akachukua kisu cha vitunguu, akakitazama, akakirudisha mezani.

"Hapana. Kisu kati ya wakwe siwezi. Ukikata mkanda, umekata na undugu."

"Undugu umeshakufa, mama!"

"Hata Lazaro alikuwa amekufa, baba. Na amekuletea hapa na kodiani."

Jirani fulani akasikika akisema samahani, anataka kupita na nguo za kufua.

Kisha Chacha akaongea, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine kidogo. "Mkwe. Ungeweza kunyamaza. Binti alikuwa keshakuokoa. Kwa nini ulisema?"

"Njo sababu aliniokoa," alisema Murhula.

Hata kiti kililegea kidogo.

"Nitoeni hapa," alisema Chacha, "tukae tuzungumze kama watu. Ng'ombe mgonjwa huwa anarudishwa, analetwa mwingine. Havunji nyumba."

Vigelegele! Vestine alivipiga peke yake, vya kutosha watu kumi. Rachelle akamkumbatia baba yake, kofia na masikio yake yote. Imepona, wajukuu zangu, ndoa imepona!

"Ngoja nifungue huu mkanda," alisema Vestine. Akapiga magoti nyuma ya kiti, akaingiza mkono kwenye ule ufa wa kati ya mgongo na makalio ya kiti, ambako hakuna aliyewahi kusafisha, akatafuta kifungo. Akatoa msumari. Akatoa unga wa muhogo. Akatoa pipi yenye manyoya.

Akatoa kitu kidogo, cha duara, kinachong'aa.

Eliezer alikuwa amekaa ukutani muda wote huu. Alipokiona, alisimama wima kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mama, nipe mimi. Nitakitupa."

"Unatupa dhahabu?" Vestine akaenda nacho dirishani. Ilikuwa pete. Ya harusi, ya mwanamume, na ndani yake kumechongwa maandishi. Akakunja jicho moja. "Kuna majina. Eliezer..."

"Ninaitwa Eliezer, basi ni yangu, ilinidondoka leo," alisema kijana haraka.

"Na Pamela," alimaliza Vestine.

Ngumi mbili na goti moja. Murhula alizikumbuka: kijana huyu alilijua gari hili tangu zamani. Akageuka polepole.

Rachelle alimwachia baba yake. Akachukua pete, akaisoma mwenyewe, mara mbili. Nyusi yake iliyoisha na nyusi yake ambayo haijaisha zikapanda pamoja.

"Eliezer," alisema, na kilikuwa Kiswahili safi ambacho hakuna aliyejua anacho. "Pamela ni nani?"

Kijana akatazama dirisha: ghorofa ya pili. Akatazama mlango: baba yake mdogo ameujaza, kiti na yote. Akameza mate.

"Pamela?" alisema. "Ni mji."